Motokaa, Lori na Maziwa ya Chelagat

Jumatatu, 14 Aprili 1958

Daftari, uniwie radhi kwa ukimya wa miezi mitatu. Nilikuwa nikifikiri. Ninunue motokaa au lori? Mtu aliyefundisha miaka ishirini na sita hakurupuki.

Mke wangu, Chelagat, amechoka. Asema nisipofikisha maziwa yake kiwandani Nakuru kabla ya saa tatu asubuhi, atampa kazi jirani yetu Kemboi na mkokoteni wake wa punda. Kemboi! Nilimfundisha darasa la tatu. Mara mbili.

Ninao mpango. Gopal, muuza magari makuukuu mjini, humruhusu mteja kujaribu gari kutwa nzima. Nitajaribu motokaa, kisha lori, kisha motokaa tena, hadi mvua ikome. Bure kabisa.

Jumatano, 16 Aprili

Motokaa. Nyeusi, ya heshima. Wazee wa kanisa walivua kofia. Madebe ya maziwa yalikaa kiti cha nyuma kama mabwana, hadi tope la kwanza. Hapo yakalala chali. Gopal alinusa kiti, akauliza kwa upole kama nilibeba ndama. Nikamwambia swali hilo halina adabu.

Jumamosi, 19 Aprili

Lori. Tope halikulitisha. Nilisahau jambo dogo tu: hapa kwetu lori likipita na nafasi ni la kila mtu. Kabla ya maili moja nilikuwa na kwaya nzima ya akina mama, kuni zao, kabichi na kondoo dume. Kila mmoja alitaka kushushwa langoni pake. Waliniimbia wimbo wa kunisifu. Mzuri sana. Nilifika kiwandani saa sita. Karani alifunua debe moja, akalinusa, akalifunika, asiseme neno.

Chelagat alisema.

"Baba Kipketer, ng'ombe wamemaliza kazi yao. Wewe bado unajaribu?"

Jumatatu, 21 Aprili

Kemboi alipita alfajiri, akarudi saa tano na madebe matupu. Kiwanda kilipokea yote. Amepewa kazi hiyo mwaka mzima. Aliniuliza kama Mwalimu angependa kupanda, nafasi ipo.

Vyema. Maziwa hayanisukumi tena, basi nitalinganisha magari kwa utulivu unaostahili. Gopal ameapa hatanipa hata usukani. Kufikia Ijumaa atakuwa amesahau.

Nitakapokata shauri, Daftari, nitakuandikia siku hiyohiyo.