Daktari wa Magoti na Mtamba wa Kapseret

Pale Kapseret, asubuhi watu wakipeleka maziwa, Mabonga aligundua kitu: wazee kwa akina mama, wote walikuwa wakishuka kiteremko cha barabara upande upande kama kaa. Wengine waliona uzee. Mabonga aliona soko.

Kesho yake alikuwa na koti jeupe, chupa ya mafuta yenye karafuu na cheo kipya: Daktari wa Viungo. Tumpe haki yake, kitu alijua. Aliwahi kuvunjika mguu, akanyooshwa goti hospitalini mpaka akakariri mikono ya wataalamu ilikopita.

Alianza na Mama Jemutai, mjane mwenye ng'ombe wa kuonewa wivu na goti lililogoma kukunjika.

"Legeza mguu, Mama. Niachie mimi uzito."

Akashika kifuniko cha goti, akakisukuma pole pole huku na huku. Kisha akaukunja mguu mpaka maumivu yalipoanzia, akatulia hapo, akaurudisha, akarudia.

"Ikiuma sana sema."

"Nikisema utaacha?"

"Nitapunguza."

"Basi endelea. Mikono si mibaya, kwa mtu mwenye koti la kuuza nyama."

Wiki zikapita, goti likakunjika. Mabonga alishangaa kuliko mgonjwa, ila akakaza uso kidaktari.

"Mama, mimi na wewe si watu wa pesa," alisema kwa upole. "Nipe tu yule mtamba mwekundu." Mnunuzi alikuwa ameshampata, huko Turbo.

Mama Jemutai aliuliza, "Kweli unataka tuwe watu wa ng'ombe?"

"Kabisa."

Akaita majirani. Mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, ikamiminwa, Mzee Kimeli, mkubwa wa ukoo, akaomba baraka, kamba ya mtamba ikakabidhiwa. Mabonga alidondosha machozi mawili, yote ya faida.

Kule Turbo, mnunuzi Kipkirui aliuliza alivyompata mtamba. Mabonga akasimulia kwa fahari, mursik na maombi yote. Kipkirui akaiachilia kamba.

"Hujapewa. Umewekewa umtunze, ndiyo desturi yetu. Wewe utamlisha, akizaa utakunywa maziwa. Ng'ombe ni wa Mama, na ndama ni wa Mama. Huku hakuna atakayemnunua, wazee wameshuhudia."

Mabonga akamrudisha mtamba mbio Kapseret.

"Mama, chukua ng'ombe wako. Nitolee tu kitu kidogo."

"Nikulipe?" Mama Jemutai alionekana kuumia kweli. "Daktari, mtu ukimwekea ng'ombe amekuwa ndugu. Ndugu wanatozana? Na ukimrudisha leo, nitamwambia nini Mzee Kimeli, kwamba umetukataa?"

Mzee Kimeli mwenyewe alikuwa kwenye benchi nyuma yake, shati limevuliwa bega moja. Karibu naye, shemeji wawili na shangazi mwenye shingo isiyogeuka.

"Hawa ni watu wangu," Mama akasema. "Kwa hivyo ni watu wako."

Mabonga alitazama barabara ya kwenda mjini. Mtamba alikuwa ameanza kutafuna pindo la koti lake.

"Nani anaanza?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwenye kuumwa zaidi. Halafu ufanye haraka ukakate nyasi, ng'ombe wangu hajala."