Mwasho wa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Ninawashwa. Mahali penyewe naona haya kupataja hata kwenye daftari langu. Niseme tu ni chini ya mkanda na juu ya mapaja.

Chanzo nakijua: uchafu. Ile sabuni mpya ya zambarau, yenye harufu ya maua, siitumii vya kutosha. Niliinunua wiki jana kwa sababu Alhamisi Tajiri atachagua msimamizi wa duka lake la rangi, nami nataka ninukie usimamizi. Nikanunua na boksa sita za nailoni, za kubana. Mtu aliyebanwa vizuri huonekana makini. Kuanzia leo nitaoga mara tatu kwa siku, na dodoki juu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeoga mara nne. Mwasho umeita ndugu zake.

Saa nne asubuhi nilijibanza kwenye kona ya kaunta nikawa najisugua taratibu, juu chini, kama ng'ombe kwenye nguzo. Brashi akaniona. Brashi ni muuzaji mwenzangu, naye anautaka usimamizi. Akauliza kulikoni. Nikasema natafuta funguo za ghala mfukoni, sizioni. Akatangazia duka zima. Watu wakapiga magoti chini ya rafu. Tajiri mwenyewe alihamisha makopo kwa mikono yake. Baada ya nusu saa mteja mmoja akauliza kama si zile zinazoning'inia kiunoni mwangu.

Brashi alisema pole, hutokea. Alisema kwa upole kabisa. Simpendi.

Jumatano, 5 Juni

Duka la dawa. Mpango ulikuwa safi. Nilimwambia yule mama anayeuza kwamba mgonjwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwenye haya. Akauliza shemeji anaogea sabuni gani. Nikamtajia. Anavaa nguo gani za ndani. Nikamtajia. Anawashwa wapi hasa. Hapo nikajikuta naonyesha. Akasema mwambie shemeji aache hiyo sabuni, asijipake chochote, aende zahanati akaonwe.

Dawa hakunipa. Haidhuru. Nyumbani kuna dawa ya kuchua ya mke wangu, ile ya mgongo. Kitu kinachotuliza mgongo mzima kitashindwa na eneo dogo namna hii?

Saa kumi jioni. Eneo si dogo. Naandika nikiwa nimeketi ndani ya beseni la maji baridi. Mke wangu alibisha mlango wa bafu akauliza ni nani anaruka humo ndani. Nikasema nafanya mazoezi ya viungo. Akauliza mbona mazoezi yanalia.

Alhamisi, 6 Juni

Tajiri aliniita ofisini kwa usaili, akanikaribisha kiti. Nikasema mbele ya mkubwa sikai. Alifurahi, nikaona kabisa alivyofurahi. Akauliza ningefanya nini nikiona tatizo dogo dukani. Nikajibu ningelishughulikia mapema, kwa njia sahihi, bila kuficha. Nilijibu vizuri sana, nyonga ikiwa kwenye kona ya kabati la mafaili, nikijisugua kidogo tu. Kabati likatembea. Mafaili yakamwagika mpaka miguuni pake.

Usimamizi amepewa Brashi.

Nimerudi nyumbani nikamkuta shemeji sebuleni na begi la nguo. Kumbe jana nyuma yangu kwenye foleni ya duka la dawa alikuwepo jirani yake. Habari ilifika kwa mkewe kabla mimi sijafika kwenye beseni. Mkewe anataka kujua huo mwasho ameuokota wapi na kwa nani, na mpaka ajibu, asilale mle ndani. Shemeji ameapa hawashwi popote. Macho yalikuwa mekundu. Miaka kumi na minne ya ndoa, alisema, na hajawahi kuitwa mwongo.

Nikampa pole. Nikamshauri aende zahanati, asione haya.

Mke wangu alikuwa akinitazama nilivyokaa. Nilikuwa nimekalia paja moja. Akasema taratibu, "Simama, baba." Nikasimama. "Sasa kaa kama watu." Sikuweza.

Ijumaa, 7 Juni

Zahanati. Mke wangu kulia, shemeji kushoto, mimi katikati kama mahabusu. Nesi ni binti mdogo wa umri wa mpwa wangu. Aliniangalia bila kucheka, akapima mkojo, akauliza maswali ambayo nilijibu nikitazama kalenda ukutani. Kisha akasema si ugonjwa wa zinaa. Ni ngozi imechokozwa.

"Ngozi ya huko ni laini kama ya kope," akasema. "Wewe umeisugua kama sufuria, halafu ukaitia moto."

Akaagiza: sabuni ya manukato, basi. Huko nioshe kwa maji matupu, mara moja kwa siku, nikaushe kwa kugusagusa na taulo, nisisugue. Nguo za pamba, zisizobana. Mafuta mazito yasiyo na harufu. Kucha nikate. Nikiona vidonda, usaha, au wiki mbili zikapita bila nafuu, nirudi mara moja, na nisije kwa jina la mtu mwingine.

Kutoka hapo moja kwa moja hadi kwa mke wa shemeji. Nilikiri nimesimama mlangoni, yule jirani akifagia palepale pasipo na taka. Mke wa shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua begi mkononi mwa mumewe, akaingia nalo ndani. Shemeji akamfuata. Alipofika kizingitini aligeuka kunitazama, nikaona bora angenitukana.

Jumatano, 19 Juni

Nimepona. Nakaa kwenye kiti chochote, muda wowote. Shemeji ameanza kuitikia salamu zangu. Nimejifunza mengi na ninajiona mtu mpya, mpole kwa mwili wangu.

Jumapili, 23 Juni

Visigino vimepasuka, magaga ya kutosha kuficha sarafu. Nesi ana wagonjwa wa maana, sitamsumbua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na dukani tuna lipu nyeupe ya kuzibia nyufa. Kopo linasema inakauka kwa dakika arobaini na haipitishi maji. Nimeipaka kwa umakini, miguu juu ya stuli.

Dakika arobaini zimetimia. Mke wangu ananiita mezani. Nimemwambia nakuja.

Na stuli inakuja.