Vita vya Zuberi na Zuberi Aliyebaki Ndani

Enyi watu wa Yoba, nanyi mlioshuka kwa miguu kutoka Bugendana, acheni maharage yachemke yenyewe, mje msikie habari za Zuberi mwana wa Chabani, fundi cherehani, simba wa pindo na vifungo, aliyepigana na nafsi yake katika siberi ya Gitega, nyumba ya kompyuta za kukodi, akaishinda!

Vita vilikuwa vimefunga njia ya Muyinga, na huko Muyinga alikaa Fatuma, nuru ya macho yake. Baba yake Fatuma, mzee Othmani, alikuwa ametamka: posa ifike kwa kompyuta kabla ya alasiri, la sivyo binti ataozwa kwa mwuza chumvi. Basi Zuberi akaketi mbele ya mashine ya Linux kama amiri mbele ya ngome, akaandika jina lake na neno lake la siri. Mashine ikamjibu bila haya kwamba Zuberi yumo ndani tayari.

"We mashine!" akanguruma. "Mi niko hapa inje, naona viatu vyangu! Huyo mwenye iko ndani ni nani? Atoke tupigane!"

Akainuka Mama Béatrice, mwenye siberi, malkia aliyetoka Uvira, mshika funguo za watumiaji wote. "Zuberi, juzi masasi ya bunduki ililia, ukakimbia bila kufunga kazi yako. Umeme ikakatika, faili ya kuingia kwako ikabaki, na mashine inazani ungali umekaa. Nitakufungulia kwa jina la mkubwa wa mashine, ufute ile faili yako moja. Lakini ukigusa ya wengine, walimu wote wa Gitega wenye kuandikia humu watalala inje, na cherehani yako nitaiuza!"

Majina yakajipanga mbele yake: Amissi, Gracieuse, Moïse, na mwishoni yule haini, Zuberi. Kidole kilichozoea sindano kikatua juu ya kitufe. Akasoma Bismillahi, akafuta. Yule wa ndani akatoweka bila hata kuaga.

Akaingia! Akaandika posa kwa vidole viwili, na muadhini alipokuwa akisafisha koo, ujumbe ulikuwa umekwisha kuondoka.

Jibu likaja: "Baba anasema ndiyo. Mi nilishasema zamani. Uko muzima? Hapa walisema Gitega watu walikufa."

Hapo shujaa akalia mbele ya wateja wote, wala hakuona aibu. Na iandikwe katika tarehe za nchi kwamba siku ile, katikati ya miaka ile ya vita, Gitega ilimpoteza mmoja tu, naye alikuwa faili.