Kaskazini Iko Mfukoni Mwangu

Jumatatu, 3 Machi
Naandika hapa ili nisirudi nyuma: jina la Babu litapanda angani. Hajui mtu bado.

Kisanduku kiko mezani, ukubwa wa tofali. Mhandisi anakiita satelaiti. Ndani hakuna maajabu. Vipima mwendo vya bei rahisi, vilevile vya kwenye simu, vinavyogeuza picha ukiilaza simu. Nimevilehemu mimi. Hapa niliajiriwa kwa vidole, si kwa vyeti.

Tatizo: kisanduku hakijui kimeelekea wapi. Ukikielekeza dirishani, chenyewe kinasema mlangoni. Kikiwa juu na kizunguzungu hicho, kitapiga picha giza tupu badala ya dunia. Na wageni wanaokuja Ijumaa kukikagua wakikikataa, hakirushwi.

Mhandisi kasema kwenye bamba la ndani imebaki nafasi ya jina moja. Atakayekiponya ataandika jina analotaka. Nataka la Babu. Kibao cha duka lake la redio kimepakwa rangi, sasa wanauza malapa. Nikipita pale natafuta harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, napata ya raba. Hakuna mahali tena jina lake limeandikwa.

Mpinzani: Miwani, mtoto wa dada yake Mhandisi. Wa chuo kikuu. Anamwita Mamdogo mbele za watu, makusudi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemsikiliza Miwani akijisemesha. Nikikaa kimya watu wanadhani mimi ni kiti. Kumbe kipima kimoja kinahisi mzunguko, ila kinakosea kidogokidogo mpaka makosa yanajaa. Cha pili kinahisi sumaku ya dunia, kama dira, ndicho kinachomrudisha mwenzake kwenye mstari. Cha tatu kinahisi uzito, lakini huko juu hakifai, maana kila kitu kinaanguka pamoja. Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Kama kinaanguka, mbona hakifiki?

Mpango: Babu alikuwa anaanika vifaa juani kabla ya kuvifunga, eti vizoee shida. Nikakianika kisanduku juu ya bati. Nikasahau! Miwani akarudi nacho kimefungwa ndani ya shati lake, akaniuliza kama naoka mkate. Mhandisi alisema neno moja tu: Bisibisi. Ndilo jina wanaloniita. Siku nyingine linapendeza.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua! Mimi, siyo Miwani!

Babu aliniachia sumaku ya spika, nene kama kisigino cha kiatu. Naiweka mfuko wa shati, skrubu zangu zote zinaishikilia. Hata yeye alifanya hivyohivyo. Mashati yake yote yalilegea kushoto, Bibi akawa anashona mfuko huohuo miaka yote.

Nilikwenda kunywa maji. Mshale wa kaskazini kwenye kompyuta ukanifuata mpaka kwenye ndoo. Nikarudi, ukarudi. Nikaenda chooni, nikachungulia, umegeukia chooni. Wiki mbili Miwani anasahihisha hesabu, kumbe kaskazini inatembea na mimi!

Mtu mwema angesema. Mimi nikafikiri. Nikitulia, na mshale utatulia. Nikakaa kwenye kigoda, nikasema nimekaza waya mmoja. Miwani akarekebisha hesabu zake tena, Mhandisi akakigeuza kisanduku. Dirisha, sawa! Mlango, sawa! Akanipiga bega. Miwani akavua miwani.

Nimemwambia Bibi jina la mumewe linapanda. Akasema waandike herufi zote. Babu alikuwa anachukia watu wakilikatakata jina lake.

Alhamisi, 6 Machi
Saa sita nzima juu ya kigoda. Mguu umekufa ganzi. Chooni nimejinyima mara tatu. Miwani akauliza kama Bisibisi kaota mizizi.

Halafu pigo. Mhandisi kasema kesho kitapimwa uwanjani, mbali na vyuma vya jengo. Uwanjani! Nitasimama karibu nacho, kama mlinzi wa benki.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni watatu, viatu havina vumbi. Kisanduku kinaning'inia kwa uzi. Nikasimama hatua mbili, kifua mbele.

Mgeni mmoja akaniomba nisogee, nimeziba kamera. Nikasogea. Kaskazini ikasogea. Akaomba zaidi. Ikasogea zaidi. Miwani akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akatazama mfuko. Akaniambia hebu zunguka, kaka. Nikazunguka. Mshale nao ukazunguka, mduara mzima, kama mbuzi kwenye kamba. Akatia mkono mfukoni, akaitoa sumaku, skrubu zikining'inia kama ndevu.

Mgeni mmoja akacheka mpaka akachuchumaa. Mhandisi hakucheka.

Miwani akakimbiza sumaku mpaka getini, akarudi, akakigeuzageuza kisanduku pande zote ili kipima kijifunze upya. Baada ya hapo kila walipokigeuza kikasema kweli. Wamekikubali.

Jina? Mhandisi kasema nimeponya ugonjwa niliouleta mwenyewe, kwa hiyo niko sifuri. Bamba ni la Miwani. Nimefika nyumbani, Bibi ameshawatangazia majirani. Nimelala bila kusema.

Jumamosi, 8 Machi
Miwani kaja mezani kwangu. Akauliza nilikuwa nataka jina gani. Nikamwambia. Nikamwambia na habari za duka, na redio zilizokuja zimekufa zikaondoka zinaimba, na Babu alivyokuwa anazigonga kwa kucha na kutega sikio. Sijawahi kumwambia mtu maneno mengi hivyo. Akasema jina lake mwenyewe ni fupi. Alikuwa amelichora juu kwenye bamba, chini imebaki nafasi ya upana wa ukucha. Akanipa sindano ya kuchorea.

Nimechora herufi zote. Nimemshukuru, nikaapa sifanyi tena ujanja kwenye kazi ya watu. Nilimaanisha.

Ila ni jembamba! Ukirudi hatua moja hulioni. La Miwani linaonekana tangu mlangoni. Babu, aliyekuwa na kibao cha herufi nyekundu!

Mhandisi ameshakipima kisanduku uzito, upande kwa upande, akabandika karatasi kwamba kisiguswe tena hata kwa unyoya. Wamekwenda kula wote. Pasi yangu ya kulehemu imeshapata moto. Tone moja tu la risasi kwa kila herufi, ling'ae kidogo.

Babu ana herufi tisa. Matone tisa ni uzito gani?