Gari Nimelizuia, na Baba Yumo Ndani

Hezron Jairo, Fundi Magari,
Makandana, Tukuyu.
Juni 1993

Ndugu Katibu Tarafa,

YAH: OMBI LA KUZUIA GARI PAMOJA NA MWENYEWE

Natumaini mvua hizi zimekukuta chini ya bati zima. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu asiyekula.

Gereji yangu iko uani kwangu. Nimezuia pikapu ya mteja asiyetaka kulipia matengenezo, na hiyo ni haki ya fundi yeyote. Lakini mambo yamenigeukia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mteja ni Mzee Jairo wa Igogwe, mchuuzi wa ndizi, na ndiye aliyenizaa. Nilipomdai alisema alishalipa tangu aliponipeleka shule. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba siku hizi ni soko huria, ruksa kila mtu kudai chake. Nikafunga gurudumu kwa mnyororo.

2. Kesho yake alikuja na blanketi, akaingia garini, akajifungia. Akasema, "Kijana, umesema gari halitoki. Na mimi sitoki." Sasa anaishi humo, na redio yangu ameichukua.

3. Hapa ndipo penye uchungu. Wewe ni mwenyeji, unajua kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Hata njiani humkwepa na kujificha. Pikapu imesimama kati ya mlango wangu na jiko. Mke wangu Esnath hawezi kutoka. Hapiki, hachoti maji, kwaya haendi. Chooni anakwenda baba akisinzia, na mzee huyu hasinzii ovyo, jamani.

4. Nilifikiri nilisukume gari kando. Lakini kumsukuma mzazi akiwa ndani ni kujitafutia laana, na hiyo haina vipuri.

5. Nilipika mwenyewe. Baba alichungulia sufuria akaniuliza kwa sauti, majirani wakisikia, kama ndizi zile ni za kuliwa na watu. Kisha akazila zote.

6. Esnath ameniambia kupitia dirisha kwamba ikifika Jumapili baba bado yumo, atapitia dirisha la nyuma arudi kwao Kisiba. Ndugu, nampenda mke wangu. Hilo siliandiki kwa utani.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itamke kwamba gari ni dhamana yangu. Na kwamba baba, kwa kuwa amekaa ndani kwa hiari yake, ahesabiwe kuwa kifaa cha gari, sawa na kiti au usukani, ili niweze kumfungua na kumhifadhi stoo mpaka deni lilipwe. Ikishindikana, vyote viuzwe kwa mnada, ila mnunuzi aelezwe mapema kwamba mzee hanywi chai isiyo na maziwa.

Nisalimie mama hapo nyumbani, watoto, karani wako na majirani wote wanaopikiwa. Ndaga, asante sana.

Wako mtiifu mwenye njaa,
Hezron Jairo

Nyongeza: Mnyororo nilishaufungua jana. Nilimwambia baba deni nimesamehe, aende zake. Akageuza ufunguo, gari kimya. Ukweli ni kwamba gari halijawaka hata mara moja tangu nimalize kulitengeneza. Baba anasema ataondoka litakapowaka, na Jumapili ni kesho kutwa. Kama unamfahamu fundi mzuri, mtume haraka, ila apitie nyuma.