Nani Anatwanga kwa Changu?

Redio ya Atumane ilisema habari yake, kisha ikanyamaza. Ndivyo ilivyo redio ile. Betri zake huanikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya kuongea jioni. Habari yenyewe ilikuwa fupi: wametoboa kisima kingine huko nje ya ghuba ya Tungue, na gesi ya safari hii, ukiichanganya na ya mwaka jana, inatosha kupikia dunia nzima mpaka wajukuu zetu wazeeke.

"Kupikia dunia nzima," alisema Carimo. "Dunia nzima! Na mimi jana nimekula makaroni ya kopo."

"Makaroni hayawi kwenye kopo," alisema Atumane. "Kopo ni la dagaa."

"Makaroni na dagaa wa kopo basi. Ndio uniue?"

Kijiwe chetu kiko barazani mwa duka ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, pale njia ya kambini kwa watu wa gesi inapokata kuteremkia Palma mjini. Atumane ndiye muuza kahawa. Redio ni yake, kwa hiyo kila ubishi ni wake pia. Carimo tunamwita Enjinyeru, yaani mhandisi. Aliwahi kuwabebea nyaya wale waliokuja kupima ardhi, na tangu waondoke hajashika kazi nyingine, anaogopa kushuka cheo. Shamte, mfanyabiashara mwenye asili ya Mtwara, tunamwita Mbili, maana ana mke upande huu wa Rovuma na mwingine upande wa pili. Na Chamsudine ni Changu. Yeye hununua samaki ufukweni alfajiri akawauza sokoni. Adhuhuri kazi yake imekwisha, ila harufu inaendelea.

"Mnajua Alima wangu anafua mashuka kule kambini," Carimo aliendelea. "Sikatai, kazi ni kazi. Lakini tangu aanze sijaona matapa nyumbani kwangu. Ma-ta-pa! Majani ya muhogo, karanga, tui zito la nazi. Anashuka kwenye pikapu jua linazama, anabandika maji, anamwaga makaroni, karibuni jamani. Naambiwa ndiyo jantari hiyo, chakula cha jioni!"

"Kwetu ni kisamvu," alisema Shamte.

"Kwenu kisamvu, kwetu matapa, kwangu hakuna chochote."

"Mimi nakula kule na nakula huku, nimechunguza. Ni kitu kimoja. Hata manung'uniko ya wapishi ni yale yale."

Atumane alimmiminia Carimo kikombe kingine, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Enjinyeru, fikiri kidogo. Matapa si chakula, matapa ni mradi. Kuchuma majani, kutwanga, kuchemsha, karanga nazo zitwangwe, nazi ikunwe, tui likamuliwe. Wale wametoboa bahari upesi kuliko hivyo! Mtu ameshuka kwenye pikapu magharibi, aanze mradi saa hiyo? Mtakula daku, na Ramadhani bado."

"Mama yangu alipika kila siku."

"Mama yako alikuwa anafua mashuka kambini?"

"Kambi haikuwapo."

"Basi."

"Basi nini? Kosa la kambi nililipe mimi na tumbo langu? Makaroni hayakai, bwana. Yanateleza tu. Umelala, tumbo linakuamsha: Enjinyeru, kile kilikuwa chakula au maonyesho?"

"Ngoja gesi ije," alisema Shamte. "Siku hiyo matapa yataiva kabla hujanawa mikono."

"Gesi itapanda meli iende zake," alisema Atumane. "Sisi tutapewa kofia na fulana."

"Hata ikija," alisema Changu, "gesi haitwangi."

Lilikuwa neno lake la kwanza jioni ile. Tukamgeukia. Naye, badala ya kuishia hapo, akaendelea.

"Shida ya matapa si muda. Ni kupanga tu. Ukitwanga alasiri, ukayaacha yachemke taratibu, jioni unatia tui na kupasha. Uchume majani machanga. Utie chumvi kidogo kinuni, ili yasiruke. Wala si kazi ya kumlilia mtu."

Atumane aliweka buli chini. "Yasiruke?"

"Eeh."

"Nani kakwambia majani yanaruka?"

"Nasikia sikia."

"Ala! Hebu ngoja. Nyumba yako na yangu ukuta mmoja. Kila alasiri nikijinyoosha kabla ya kuja huku, nasikia kinu kwako. Du! Du! Du! Mkeo Mama Zuleica yuko kambini anawakatia wazungu saladi. Watoto wako madrasa. Sasa nani anatwanga?"

Changu alikohoa. "Labda ni kwa jirani."

"Jirani ndiye mimi!"

"Ameoa!" alipiga kelele Carimo. "Changu ameoa kimya kimya! Wallahi, sisi tunalia na makaroni, mwenzetu ameingiza mtaalamu ndani!"

"Tena kaoa bara," alisema Atumane, akiwa na uhakika wa shahidi. "Wanawake wa hapa wakitwanga huugonga mdomo wa kinu kwa mchi, ko-ko, katikati ya mapigo. Kinu kinaimba. Huyo wake hajui. Ni du, du, du, halafu kimya kirefu, halafu du. Kama mtu anavunja mlango."

Nilimwona Changu akifungua kinywa akanushe. Lakini kabla neno halijatoka, Shamte alijisogeza, akampisha kwenye nguzo. Nafasi ile ya kuegemea ni ya Shamte mwenyewe, hajawahi kumpisha mtu, hata aliyekuwa na homa. Carimo alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Atumane alimjazia kikombe bila kuombwa. Changu aliutazama mkono wake ulioshikwa, akakitazama kikombe, akafunga kinywa. Kisha akaegemea nguzo.

"Mambo ya ndani," alisema, "hayasemwi barazani."

Tulipiga makofi.

"Jina tu," aliomba Shamte. "Sisi tuliotangulia tuna haki ya jina."

"Anaitwa..." Changu aliangalia juu, aliangalia chini. "Luzia."

"Mmakonde, tena Mkristo! Nilisema mimi, wa bara!" Atumane alitaka kujipa mkono mwenyewe.

Carimo alikuwa ameinamia simu, kidole gumba kikienda mbio.

"Unaandika nini?" aliuliza Changu.

"Namwandikia Alima. Nimemwambia, mwenzako Changu ameongeza mke, Luzia kutoka bara, kwa ajili ya matapa tu. Aone makaroni yake yanatupeleka wapi."

"Alima yuko wapi sasa hivi?"

"Kwenye pikapu, wanarudi."

"Amekaa na nani?"

Carimo alifikiri. Uso ukambadilika. "Na Mama Zuleica."

Changu aliruka kutoka kwenye nguzo kana kwamba imeshika moto. Na hakuna aliyemcheka, kwa sababu wote tulikuwapo harusini kwake. Siku ile Zulfa, ndiye huyo Mama Zuleica, alisema mbele ya watu, akiwa bado na hina mbichi mikononi, kwamba siku mwanamke mwingine atakaposhika mchi wake, yeye atapanda gari la Mocímboa kwa baba yake, watoto mkononi, na asije mtu kumsuluhisha. Zulfa si mtu wa kusema kitu kwa mapambo.

"Futa!" alisema Changu.

"Haifutiki, pá. Imeshafika."

"Andika nyingine! Sema ulikosea!"

"Salio limekwisha."

Ushauri ulimwagika kila upande. Shamte alimwambia aseme ni dada yake amekuja kutembea.

"Dada yangu mimi aitwe Luzia?"

"Sema kinu kinalia chenyewe. Ni majini," alisema Carimo.

"Majini wenyewe wangegonga mdomo wa kinu," alisema Atumane. "Wanajua kutwanga."

"Hakuna Luzia!" Changu alikuwa akipitisha viganja usoni. "Sikieni, hakuna mke, hakuna mtu."

"Kinu nimekisikia kwa masikio haya."

"Kinu kipo."

"Basi nani anatwanga?"

Changu alitazama njia ya kambini. Tuliona kwamba jibu analo, na kwamba kulitoa ni kuzito kwake kuliko kuzushiwa mke. Tulikuwa bado tunamngoja pikapu ilipopiga honi kwenye kona.

Zulfa alishuka wa kwanza, ndani ya ovaroli la buluu, kofia ya wavu ya jikoni bado kichwani. Wenzake walibaki nyuma ya pikapu, shingo zimenyooka, Alima akiwa mbele yao. Hata dereva alizima injini.

"Asalaam aleikum," alisema Zulfa. Alitusalimu mmoja mmoja, kwa majina, akauliza hali za nyumbani. Adabu ile ilitutisha kuliko matusi.

"Baba Zuleica. Luzia ni nani?"

"Hakuna Luzia, Mama Zuleica."

"Nani anashika mchi wangu?"

Changu alimtazama Shamte. Shamte alikuwa anahesabu mabati ya paa. Alimtazama Carimo. Carimo alikuwa anaitikisa simu yake kana kwamba ndiyo yenye kosa.

"Mimi," alisema Changu.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayetwanga. Nafunga mlango, natwanga."

Carimo ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika nguzo ile ile. Shamte akafuata, kisha sote, nami nimo. Zulfa hakucheka.

"Na yale matapa ya shangazi Mwanawetu?"

"Ndiyo hayo."

"Ninayokula kila jioni? Unayosema kaleta shangazi yako?"

"Ndiyo hayo, mama."

"Mimi nimempelekea shangazi yako kanga ya kumshukuru!"

"Naye akasemaje?"

"Akapokea! Akaniambia majani ya mwaka huu ni mazuri!"

Nyuma ya pikapu mtu alipiga yowe la kicheko akajiziba mdomo. Zulfa aliinua kidole, kukawa kimya.

"Baba Zuleica, kama umeoa sema umeoa, niende zangu. Usinitafutie hadithi. Mwanamume wa Palma atwange matapa? Wewe ambaye chai ukiikosa kikombeni unaita watu?" Alimgeukia Atumane. "Kaka Atumane, wewe ndiye wa ukutani. Kinu kinalia vipi?"

Atumane alitazama pande zote, hapakuwa na pa kukimbilia. Alikunja ngumi, akapiga benchi. Du. Du. Du. Akatulia. Akatulia sana. Du.

"Hapo kwenye kimya pana nini?" Zulfa alimuuliza mumewe, haraka, kama anayemtega.

"Nachungulia dirishani," alisema Changu, "kuona kama kuna mtu anayeniona."

Jambo moja moja lilikuwa linajipanga usoni kwa Zulfa.

"Ndiyo maana yana nyuzi," alisema.

"Yana nyuzi?"

"Majani. Yana nyuzi kama kamba ya jahazi. Na karanga nzima nzima zinakwama menoni. Mimi nikawa namwonea shangazi huruma, nikasema bibi wa watu amezeeka, nguvu zimemwisha, bado anatukumbuka." Alikaa benchini, pale pale kijiweni, mahali ambapo sijawahi kuona mwanamke amekaa, akavua kofia yake ya wavu. "Kumbe ni wewe, na misuli yote hiyo."

"Unarudi umechoka," alisema Changu, sauti imeshuka. "Makaroni na mimi hatupatani. Kukwambia upike usiku siwezi. Na kukwambia napika mimi, ungesema kwa wenzako, na hawa wangeniita Bi Changu."

"Bi Changu!" alisema Carimo, machozi ya kicheko yakimtoka. "Jina umejipa mwenyewe! Karibu, Bi Changu, tukuletee kanga?"

"Leo umetwanga?" Zulfa alimuuliza mumewe, kana kwamba Carimo ni inzi.

"Nimetwanga. Limebaki tui."

"Nazi umekuna?"

"Mbuzi ya nazi siiwezi. Jana nusura niache kidole."

"Basi twende. Nitakuna mimi, wewe ukamue." Alisimama, akamkabidhi kofia ya wavu aibebe. Kabla hawajaondoka aliwageukia wenzake waliokuwa nyuma ya pikapu, akasema kwa sauti ya kutangaza: "Mmesikia wenyewe. Mume wangu anatwanga. Vibaya, lakini anatwanga. Na hakuna aliyemlazimisha."

Waliteremka wakifuatana, yeye mbele, Changu nyuma na kofia ya wavu mkononi. Hakugeuka kututazama.

"Enjinyeru!" Ilikuwa sauti ya Alima.

Kicheko cha Carimo kilikatika kama redio ya Atumane. "Naam."

"Wewe alasiri huwa unafanya nini?"

"Nasikiliza habari."

"Kinu chetu unajua kilipo?"

"Kiko uani."

"Vizuri. Nilidhani hujakiona."

Pikapu iliwaka, ikaanza kuteremka mtaani polepole, polepole kuliko siku zote. Wanawake walikuwa wanaita kwenye kila mlango inapopita: Changu anatwanga, jamani! Mume wa Zulfa anatwanga! Tulisikia milango ikifunguka. Tulisikia mtu akiuliza, anatwanga nini? Na mwingine akijibu, matapa, na tui anakamua! Sauti ikazidi kwenda mbele, kuelekea huko kwetu, nyumba kwa nyumba.

Kwa kawaida saa hiyo kila mtu hujikung'uta suruali, akaaga. Siku ile hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Shamte alisema anafikiria kuvuka mto kesho, akakumbuka kwamba huko nako kuna kinu. Atumane alivisuuza vikombe vilivyokwisha suuzwa.

Adhana ilituokoa. Tulikwenda msikitini sote kwa pamoja, na magharibi ilipokwisha tukabaki, tumekaa safu ya mbele, mpaka isha. Imamu, ambaye hajawahi kutuona hata mmoja wetu akingoja isha, alifurahi, akamshukuru Mungu aliyekiongoa kijiwe, akatusomesha udhu kwa moyo wote. Baada ya isha akasema anaona tumechoka, atufunge kwa dua, twende tukale.

Carimo alinyoosha mkono. Akaomba, kama hapana ubaya, imamu aeleze tena udhu, kuanzia mwanzo, bila haraka.