Kuhusu Fundi Aliyenikatalia Jani la Kumi la Springi

Ubwa Ame,
Chukwani, Unguja.

Kwa Mheshimiwa Sheha, Bi Wanu,
Shehia iliyomo gereji ya Fundi Abdulwahid,
Amani.

KUH: FUNDI SPRINGI KUGOMA KUONGEZA JANI LA KUMI, NA DADA YANGU KUKWAMA MJINI KWA SABABU HIYO

Mheshimiwa Sheha,

Asalaam aleikum. Shikamoo. Najua kwa umri huenda mimi nimekutangulia mwaka mmoja au miwili, lakini ninachoamkia hapa ni cheo, si wewe mwenyewe, kwa hiyo ukiitikia marahaba sitaona vibaya.

Hunijui, jambo ambalo linanishangaza. Mimi ndiye Ubwa Ame wa Chukwani, niliyeishika kamba ya boti ya Dar es Salaam pale Malindi siku ya upepo mkubwa, kwa mkono mmoja, mpaka abiria wote wakashuka, na mkono wa pili nnakunywa kahawa. Shule nimesoma hadi darasa la saba, na hilo la saba nimelisoma mara mbili kwa kuwa mwalimu hakutaka tuachane. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue kuwa anayelalamika si mtu wa mtaani.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu, Bi Rukaiya, aliyenilea baada ya mama kufariki, anakaa Malindi, hapo mjini, ghorofa ya tatu. Ana miaka sabini na moja, na magoti yake yana tisini. Kila ulipokuwa ukiingia Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi, alikuwa akienda kwetu Makunduchi, akafungua nyumba ya mama, akapika, akapokea wageni, kwa sababu siku ile mwenyeji asiye na mgeni huona mwaka umempita mlangoni bila ya kubisha hodi. Nyumba ile ilikuwa ikivuja. Nikamwambia, "Dada, ntaiezeka baada ya masika." Masika yakatangulia. Ukuta wa mbele ukaanguka, wa nyuma ukaufuata, na tangu hapo, mwaka wa tatu huu, Bi Rukaiya hajalala Makunduchi. Watu wa kule wanamkaribisha majumbani mwao, anakataa. Anasema, "Siku ya Mwaka mie hupokea, sipokelewi."

Basi nikawa natafakari. Siku moja Malindi nikaliona pikapu la Wazungu wawili, mtu na mkewe, lina kijumba mgongoni. Ndani mna kitanda, jiko, dirisha na pazia lake. Nikalizunguka mara tatu. Nikajiambia: ikiwa watu wasio na kwao hapa wanatembea na nyumba, mtu mwenye kwao ataikosaje? Nikarudi Chukwani, na kwa miezi miwili nikajenga kijumba juu ya pikapu langu, kwa mikono yangu hii, bila ya mchoro. Mchoro ni kwa watu wanaosahau.

Kijumba ni chepesi. Hili naomba liandikwe kwenye kitabu chako. Mbao nyembamba ubavuni na bati juu, basi. Niliyoongeza ni yale ya lazima kwa binaadamu. Mlango wa nakshi na fremu yake na njumu zake za shaba, niliopewa nyumba moja ilipobomolewa, kwa sababu Bi Rukaiya hawezi kupokea wageni kwenye mlango wa plaiwudi. Samadari lake, kile kitanda chake cha harusi. Pipa la maji la lita mia mbili, au watu watatilia udhu nini? Kinu na mchi wake. Na pale nyuma kabisa, linapofungukia bodi, baraza ya mawe na chokaa, upande wa kulia na wa kushoto, maana mgeni hasalimiwi amesimama, na nyumba isiyokuwa na baraza ni stoo.

Pikapu likakaa chini kwa nyuma. Kidogo tu. Nikalipeleka kwa Abdulwahid, ambaye watu wanamsifu kwa springi, na huko ndiko nilikopata dhuluma zifuatazo:

1. Dharau. Aliingia chini ya gari, akatoka, akapangusa mikono, akaniuliza mbele za watu: "Ami Ubwa, wenye nyumba wamo ndani?" Nikamjibu hamna mtu. Akasema, "Basi tushukuru." Mheshimiwa Sheha, mimi nilimpa kazi ya springi, sikumpa kazi ya kushukuru.

2. Kazi ya nusunusu. Springi zangu zilikuwa na majani matano kila upande, yaani vile vyuma vilivyopandana kama chapati sahanini. Akaongeza mawili. Gari likainuka, likafikiri, likashuka. Akaongeza mengine mawili, yakawa tisa. Hapo likasimama angalau kama gari. Kisha akasema tukiinue kijumba kwa winchi yake, nikalijaribu gari likiwa tupu, ili nijue springi ngumu ni kitu gani. (Winchi ililia sana, na baada ya kukiteremsha kijumba chini haijafanya kazi tena, watu ndio waliokirudisha juu. Ilikuwa mbovu tokea mwanzo.) Nikatoka na gari tupu. Kwenye tuta la kwanza la njia ya Chukwani springi hazikukubali kupinda hata ukucha. Gari liliruka, na huko juu nilipata nafasi ya kumwamkia mzee mmoja aliyekuwa anaangua nazi, akaniitikia, ndipo tukashuka. Mke wangu Muzdalifa, aliyekuwa kando yangu, alijiuma ulimi akakaa siku mbili hasemi. Hilo silalamikii.

3. Kusingizia uzito. Kwa kuwa majani tisa yalianza nayo kuchoka, nikamtaka aongeze la kumi. Akakataa. Alisema, na nanukuu: "Ami, majani n'takutilia hata ishirini, na gari halitainama. Lakini breki zako hazina habari kama una springi mpya. Ekseli haina habari. Mipira ya magurudumu haina habari. Ukiteremka na baraza hiyo, ukafunga breki, baraza ndiyo itakayofika mwanzo." Hizo ni lugha za kitaalamu za kumtisha mtu. Nikasema sawa, twende kwenye mizani. Nikaendesha polepole mpaka bohari moja Malindi, ambako rafiki yangu Nasser anapakua mizigo. Tukalipandisha gari juu ya mizani. Sindano ikazunguka yote, ikagonga kile kichuma cha mwisho, ikatulia. Nasser akatazama, akavua kofia, akasema, "Ubwa, mizani imemaliza, nyumba bado." Kwa ushahidi huo utaona wazi kwamba mizani ni mbovu, na nayo nitaiandikia.

4. Kushambulia mila. Niliporudi kwake akaniambia, "Toa baraza." Siku ya pili akasema, "Na mlango." Siku ya tatu akaongeza, "Na hilo pipa, Ami, kwani Makunduchi hakuna maji?" Nakuuliza wewe kiongozi wetu: mtu anayekwambia utoe mlango, utoe baraza, utoe maji, hakukwambia utoe nyumba? Leo ameanza na yangu. Kesho atapita Mji Mkongwe na spana, nyumba baada ya nyumba, na sisi tumekaa kimya.

5. Kuniaibisha. Kwa vile nyuma ni pazito (nasahihisha: kwa vile springi ni dhaifu), pua ya pikapu iko juu, na magurudumu ya mbele yanaigusa ardhi kwa adabu tu. Mafundi wa pale sasa wanasema gari la Ami Ubwa linaomba dua. Mmoja wao, kila akipita mbele yake, husimama akasema "Amin" kisha akaendelea na kazi. Watu wazima hao, wana watoto.

6. Kunichelewesha, na hili ndilo kubwa. Siku ile niliyorudi kutoka kwenye mizani, nilipofika kwenye geti la gereji, bodi ililala juu ya mipira ya nyuma na gari likagoma hapo hapo, nusu ndani, nusu nje. Leo siku ya nne. Ndani mna magari matatu ya watu ambayo hayawezi kutoka, na wenyewe wanakuja asubuhi kunitazama mimi badala ya kumtazama fundi. Nami nimo ndani ya kijumba, nimekalia samadari, nalinda mali.

Mwaka Kogwa umebaki siku mbili. Bi Rukaiya keshanunua mchele. Nguo zake keshazifunga ndani ya kanga. Kila asubuhi ananipigia simu, "Ubwa, leo tunakwenda?" Nami namwambia kesho, dada, kesho inshaallah. Yeye husema "haya" na kukata simu. Ingekuwa bora angenitukana. Mtu aliyewahi kumwambia dada yake "baada ya masika" haruhusiwi kumwambia "kesho" siku nne mfululizo, hilo nalielewa bila ya kufundishwa. Kwa hiyo kosa ni la fundi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa wepesi wake:

(a) Fundi Abdulwahid aamrishwe kuongeza jani la kumi, na la kumi na moja liwe la akiba. Akisema chuma hana, mimi ninacho: kipande cha springi ya ile treni ya zamani ya Bububu, ambayo babu yangu ndiye aliyekuwa akiisukuma ilipochoka.

(b) Akiendelea kugoma, njia yote kutoka Amani mpaka Makunduchi ifanywe mteremko. Hesabu nimeshapiga. Gari limeinama kwa nyuma shubiri mbili. Njia ikiinama kwa mbele shubiri mbili, vinakutana, kijumba kinakaa sawa, na dada atakwenda amelala bila ya kuporomoka kitandani. Habari ya kurudi tutaizungumza sikukuu ikishapita.

(c) Yote mawili yakishindikana, basi Mwaka Kogwa wa safari hii uletwe Amani. Uwanja mkubwa mnao. Magogo ya migomba ya watu kupigana kimila nitayatoa mimi, migomba ninayo mingi kuliko mtu yeyote Chukwani. Wageni watapokewa pale pale kwenye geti la gereji, juu ya baraza, ambayo, kama utakavyojionea, imejengwa vizuri sana.

Naona maombi yangu ni madogo kwa ofisi kubwa kama yako. Ukihitaji shahidi, Nasser yuko tayari, ila usimuulize habari za mizani.

Nisalimie mumeo, na wazee wote wa shehia waliokaa na waliosimama, na asiyenijua umwambie habari zangu zimo njiani. Muzdalifa anakusalimu, sasa anaweza. Fundi usimsalimie.

Mimi nisiyependa kulalamika,
Ubwa Ame

Nyongeza: Mheshimiwa Sheha, kabla ya kuitia barua hii kwenye bahasha nilimsomea Bi Rukaiya kwa simu, ajue namna ninavyompigania. Alinisikiliza yote, hata pale pa mteremko. Nilipomaliza akasema: "Ubwa, nyumba ndiyo iliyoanguka, kiwanja hakijaanguka. Mkeka nnao. Sufuria nnayo. Mie nlikwambia n'peleke, sikukwambia n'jengee." Halafu akataka apewe fundi. Sijui walizungumza nini, ila nilimsikia Abdulwahid anasema "Naam, Bi Rukaiya" mara nyingi kuliko alivyowahi kuniambia mimi. Baada ya alasiri alichukua kigari chake kidogo cha mizigo, kilichokuwa nje ya geti kwa bahati, tukaenda Malindi, akampokea dada kwenye ngazi, kidato kimoja kimoja, akamkalisha mbele. Mimi nimewekwa nyuma, nishikilie sufuria. Sasa hivi tunapita Kitogani.

Kwa hiyo naomba fundi asiitwe ofisini kwako mpaka Jumatatu, kwa kuwa ndiye dereva wetu, na dada keshamwambia yeye ndiye mgeni wake wa mwanzo mwaka huu. Nami nimekubali kuwa wa pili. Ila naomba unitafutie watu wa kukishusha kile kijumba, geti lifunguke, wasipungue ishirini na watano, kwani walipokipandisha walikuwa kumi na wanane na wawili hadi leo hawajainuka vizuri.

Mwandiko wa nyongeza hii utauona umenyooka, ingawa nnaandika juu ya mfuniko wa sufuria na gari linakwenda. Springi za kigari hiki nilizihesabu wakati wa kupanda. Zina majani manne.